Kapteni Salmela na Kazi ya Kidole

Veikko Salmela hakuwahi kuingia kwenye lifti bila kwanza kutazama chini. Mlango ukifunguka, wenzake wakiingia huku wanaongea, yeye husimama kizingitini akaiangalia sakafu kama mtu anayehakikisha kwamba ipo, akatanguliza mguu wa kushoto, akakanyaga taratibu, ndipo mwili ukafuata. Alifanya hivyo dukani, benki na harusini. Alifanya hivyo hata siku ya mazishi ya mkewe, Eila, watu wa kanisa wakiwa wamebanana nyuma yake na mashada ya maua mikononi. Aliyemuuliza sababu alijibiwa neno moja tu: "Sakafu."

Katika mji wa Port Lachance, kwenye ufuko wa kaskazini wa Ziwa Superior, hakuna aliyeliona hilo kuwa la ajabu. Wafini wa mji ule walisifika kwa uchache wa maneno, na Veikko aliwapita wote. Baba yake alifanya kazi katika maghala ya ngano bandarini, yale marefu yanayoonekana kabla mji wenyewe haujaonekana, na inasemekana mzee huyo naye aliweza kumaliza msimu mzima wa meli bila kusema jambo ambalo halikuhusu ngano. Veikko aliingia zimamoto akiwa kijana, akaoa, hakupata mtoto, akajenga sauna, chumba cha kuogea mvuke, nyuma ya nyumba kwa mikono yake, akanywa kahawa nyeusi asubuhi, mchana na jioni. Moto haukumvutia sana. Alisema moto kila mtu anauona. Kilichomvutia ni mashimo.

Ndiyo maana walimpa kazi ya kufundisha kikosi cha uokoaji, na ndani ya kazi hiyo akajichagulia mambo mawili: kuwatoa watu kwenye lifti zilizokwama na kuwatoa watu mtoni. Wengine waliona hayo hayana undugu, moja kavu na jingine la maji. Yeye aliona ni jambo lile lile. Shimo ni shimo, alikuwa akisema. Moja limesimama, jingine linatembea.

Noreen Pelletier alifika kwake akiwa amevuka miaka arobaini. Alikuwa Mwojibwe, mmoja wa wenyeji wa asili wa ziwa lile, amelelewa na bibi yake katika kijiji kilicho ng'ambo ya ghuba, na kabla ya hapo alikuwa amekaa miaka mingi kwenye dawati la ukaguzi la zimamoto, kazi yake ikiwa kukagua mabomba ya moshi ya watu na kuwakumbusha wenye mikahawa wasiweke makreti ya bia mbele ya mlango wa dharura. Aliichukia kazi ile kimyakimya, kama mtu anavyochukia kiatu kinachobana. Alipokubaliwa kujaribu kikosi cha uokoaji alinunua buti mpya, akazivaa nyumbani wiki nzima ili zisije zikamwaibisha.

Sharti la kikosi lilikuwa wazi. Mwanafunzi hujaribiwa, na akishindwa mara tatu harudi tena, anarudishwa alikotoka. Na mwenye kusema fulani amefaulu ni mwalimu wa kozi, hakuna mwingine.

Kwenye mafunzo ya Veikko palikuwa na nafasi mbili ambazo hakuna aliyezitaka. Ya kwanza ni ya mwenye ufunguo. Lifti ikikwama, mtu mmoja hupanda hadi chumba cha mashine juu ya jengo, akazima umeme, akatia kufuli lake kwenye swichi, ufunguo akautia mfukoni, kisha akasimama pale pale asiondoke. Wenzake kule chini wanafungua milango, wanateremsha ngazi, wanashika watoto, wanapewa asante. Yeye anatazamana na swichi. Ya pili waliiita kazi ya kidole. Mtu akizama mtoni, mmoja husimama ukingoni akanyoosha mkono kuelekea pale alipomwona mara ya mwisho, asipepese macho wala asiushushe mkono mpaka aambiwe. Maji hayana alama. Ukigeuza kichwa mara moja, ulipopaona hapapo tena.

Sasa, zimamoto ina desturi zake. Anayekosea kituoni huwanunulia wenzake wote aiskrimu, hata kama nje kuna theluji ya kufika magotini, na hakuna kosa lililonunuliwa aiskrimu nyingi kuliko kuonekana umesimama mikono mitupu wenzako wakifanya kazi. Mtu angeweza kuvunja kioo cha gari la mkuu akasamehewa kesho yake. Aliyesimama mikono mfukoni kwenye tukio alikumbushwa hadi anastaafu. Na Noreen, kabla hata ya zimamoto, alikuwa ametoka kwa bibi ambaye hakuvumilia kuona mtu amekaa wengine wanabeba. Mambo hayo mawili yalipokutana ndani ya mtu mmoja, yalimponza.

Mara ya kwanza ilikuwa kwenye lifti. Veikko alikuwa na jengo lake la kufundishia, ofisi kuukuu ya kampuni ya ngano iliyofungwa zamani, yenye lifti iliyolia kama ng'ombe anayezaa. Noreen alikuwa mwenye ufunguo. Ndani ya lifti alikwamishwa Gino Bortolussi, mwanafunzi mwenzake, mtoto wa mwoka mikate, ambaye hakuweza kufanya jambo lolote bila kulikuza. Siku hiyo aliambiwa aigize abiria. Akatia mto ndani ya shati, akaanza kupiga mayowe kwamba uchungu umeanza.

Mayowe yale yalipanda kupitia shimo la lifti hadi juu alikokuwa Noreen. Alijua ni Gino. Alijua ni mto. Hata hivyo alisikia wenzake wakihangaika na mlango, wakiitana, mmoja akitukana ngazi, na miguu yake ikaanza kuteremka kabla yeye hajaamua. Kufuli lipo, alijiambia, ufunguo ninao, nani atawasha? Alifika chini akashika ngazi, na ikashikika vizuri zaidi kwa ajili yake.

Zoezi likaisha. Veikko, ambaye hakuna aliyekumbuka kumwona kwa muda, akatokea kwenye ngazi za nyuma. Mkononi alikuwa na mkasi wa kukatia chuma.

"Ufunguo uko wapi?"

"Mfukoni, Kapteni."

"Na kufuli?"

"Kwenye swichi."

Akaweka kufuli lililokatwa kwenye kiganja cha Noreen. "Mwenye jengo ana wapangaji wanaomfokea kwenye simu," alisema. "Anapanda, hakuti mtu, anakata, anawasha. Gino alikuwa na mguu mmoja nje."

"Na mimba ya miezi tisa, Kapteni," Gino akasema.

Wenzake walicheka, kwa sababu ilibidi. Noreen hakucheka. Alilishika lile kufuli asijue la kulifanyia.

Mara ya pili ilikuwa mtoni, majira ya masika yaliyofuata, barafu ikiwa imeshakatika lakini vipande vyake bado vikipita. Waliokuwa wanaokoa walikuwa wanaokoa sanamu, mfuko wa mchanga uliovishwa sare kuukuu, ambao kituoni waliuita Meya. Noreen alikuwa kidole. Meya akazama, naye akanyoosha mkono. Kisha kamba ya Gino ikaanza kumponyoka, Gino akateleza kwenye mawe akakaa chini kwa kishindo, na Noreen akageuka akaishika kamba. Aliishika kweli, bila yeye ingekwenda na maji. Aliporudisha macho mtoni, mto wote ulikuwa sawasawa, kahawia mwanzo mwisho.

Veikko hakumfokea. Aliagiza tu Meya atafutwe. Wakatafuta kwa kulabu kuanzia asubuhi, chakula cha mchana kikapita, supu ikapoa kwenye chupa, mvua ikanyesha ikakatika. Gino, akitetemeka hadi meno yanagongana, alimnong'oneza kwamba huyu Meya hata kwenye uchaguzi hakutafutwa namna hii. Walipompata jua lilikuwa linaelekea kuzama, naye alikuwa mbali kabisa na pale walipoanzia. Veikko akamfuta matope usoni, akampakia garini, akamwambia Noreen asante kwa kushika kamba. Alisema kwa dhati, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Kisha akamwambia hakufaulu.

Noreen alikwenda kwa Luteni Marcel Doucet, msaidizi wa Veikko, Mfaransa wa Ontario mwenye moyo laini, akamweleza yaliyomjaa. Kuna waliofunga mafundo vibaya wakafaulu. Kuna mmoja alivaa boya la kuokolea nje ndani. Yeye anaangushwa kwa kosa gani, la kusaidia? Marcel alimsikiliza, akammiminia kahawa, akakiri kwamba hata yeye ile kazi ya kidole humwasha mwili mzima. Lakini hakusema kwamba mzee amekosea. Noreen aliliona hilo akaondoka.

Msimu wa baridi ukapita. Ukapita polepole, kama unavyopita huko. Wakati mwingine, akirudi zamu, Noreen alisimamisha gari kando ya ziwa akanyoosha mkono kuelekea kibanda kimoja cha wavuvi wa kwenye barafu, akausubiri mkono uchoke. Ulichoka upesi. Kilichomshangaza ni kwamba si mkono uliomtesa. Kilichotesa ni kujiona amesimama tu. Alimfikiria Veikko, mtu aliyekaa peke yake katika nyumba ya watu wawili, na akajiuliza kama kusimama bila kushika kitu kunafundishika, au mtu huzoea tu baada ya kunyang'anywa cha kushika.

Mara ya tatu ikafika. Jaribio la mwisho la mtoni Veikko alikuwa na mazoea ya kulifanya yeye mwenyewe akiwa ndiye mwenye kuokolewa, kwa sababu alisema mfuko wa mchanga hauna ujanja. Alikuwa amebakiza miezi michache astaafu. Alivaa suti yake ya mpira isiyopitisha maji na helmeti nyekundu, akaeleza kwa maneno yasiyozidi mahitaji: ataingia juu kidogo ya daraja, atateremka na maji, atazama kando ya mti ulioangukia mtoni, ataibukia nyuma ya jiwe kubwa penye maji yaliyotulia. Marcel ataongoza. Gino yuko kwenye kamba. Noreen ni kidole. Kila mtu pale alijua kwamba akishindwa leo, kesho yuko kwenye mabomba ya moshi.

Helmeti nyekundu ikaja na mkondo. Noreen akainyooshea mkono. Ikapita karibu na mti, ikazama.

"Amezama," alisema kwa sauti. "Hapo."

Wakasubiri nyuma ya jiwe. Maji ya nyuma ya jiwe yalizunguka, yakaleta kijiti, yakakiondoa. Gino akasema mzee leo ameamua kutuonyesha sinema. Mtu mmoja akacheka. Veikko alijulikana kwa kuigiza vizuri. Mwaka mmoja alijifanya mfu mpaka mwanafunzi akalia. Kicheko kikaisha. Noreen aliona Marcel akivua saa yake na kuiweka juu ya jiwe, na hapo akajua kwamba sinema haipo.

Gino alirusha mfuko wa kamba, ukanasa kwenye matawi. Akavuta, haukutoka. Akaingia majini hadi mapajani, mkondo ukamyumbisha, akaita bila kugeuka, "Noreen, shika! Shika kamba, dada!"

Kamba ilikuwa karibu na mguu wake. Angeinama tu. Mwili wake ulikwishaanza. Aliuhisi mgongo ukipinda, goti likikunjika. Palikuwa na mtu anazama na watu wanahangaika, na yeye, mwanamke mzima mwenye nguvu, amesimama kama kibao cha barabarani. Akakaza macho kwenye kipande cha maji ambacho hakikuwa na chochote. Mkono haukushuka. Machozi yalimtoka, akaogopa hata kuyafuta yasije yakampotezea mahali.

"Niko kwenye kidole," alisema. "Mwambie mwingine."

Mwingine akaja akashika. Marcel akaingia na mashua ndogo, na hakutazama maji hata kidogo. Alitazama mkono wa Noreen. "Kulia," Noreen akamwambia, "zaidi. Rudi. Hapo hapo." Kulabu ikashuka, ikagusa, ikanasa kwenye mkanda wa boya. Veikko alikuwa chini ya mti, amebanwa na tawi ambalo mwaka uliopita halikuwepo.

Walimlaza juu ya mawe, rangi yake kama jivu. Marcel akamkandamiza kifua, akampulizia pumzi, akamkandamiza tena, na mwishowe maji yakamtoka na sauti ikamtoka, si nzuri, lakini ya mtu aliye hai. Gari la wagonjwa likashuka hadi ukingoni. Katika vurugu ile hakuna aliyemkumbuka Noreen mpaka Gino alipogeuka akamwona bado yuko juu ya jiwe lake, mkono umenyooka kuelekea mtoni.

"Dada, yuko huku," Gino akamwambia. "Tumemtoa."

Noreen aliuliza kama wote wametoka majini, hata aliyeifunga mashua. Gino akahesabu vichwa, akasema wote. Ndipo akaushusha, na ilimbidi autumie mkono wa pili kuushusha.

Madaktari walisema lililotangulia ni moyo. Ulisita alipokuwa chini, akashindwa kujisukuma. Veikko akalazwa. Wauguzi walisimulia kwamba walipompeleka ghorofa ya juu, akiwa chali kitandani na mipira puani, aliinua kichwa mlangoni mwa lifti ili aione sakafu.

Kituoni mambo yalionekana yamekwisha. Mkuu alimpa Noreen mkono. Gino alinunua aiskrimu, ya kwanza kununuliwa bila kosa, akasema ni kwa heshima ya dada aliyesimama kama kibao cha barabarani. Marcel alimwambia kwamba mzee akitoa neno lake tu, kikosini ameingia. Noreen alikwenda hospitali amechukua mkate wa mdalasini, ule ambao Wafini huula na kahawa, ingawa kahawa alikuwa amekatazwa.

Veikko aliuangalia mkate, akaangalia mlango kama muuguzi haji, akaumega. Wakala. Noreen akamweleza alichofuata. Mzee alitafuna mpaka akamaliza.

"Mimi sikuona," alisema.

Noreen alidhani ni utani. Akamwambia watu wote waliokuwa mtoni waliona.

"Watu wote, ndiyo. Mimi nilikuwa chini." Akafuta makombo kwenye shuka kwa kiganja. "Mimi husema fulani amefaulu kwa nilichokiona. Hiki sikukiona. Hujafaulu, wala hujashindwa."

"Kapteni, uko hai."

"Hilo nimelisikia."

Alikaa naye kidogo tena kwa adabu, akaaga. Hasira ilimpata kwenye maegesho, akiwa ameshika usukani bila kuwasha gari. Angeweza kwenda kwa mkuu. Marcel angesimama upande wake, kituo kizima kingesimama upande wake, na mzee, akiwa mgonjwa, asingebishana. Lakini kadiri alivyokaa pale ndivyo alivyoona namna ambavyo ingekuwa. Wangempa nafasi ile kama watu wanavyompa kitu mtu aliyewatendea wema. Kila atakaposimama ukingoni angekuwa yule aliyemwokoa mzee, na hakuna ambaye angejua, hata yeye mwenyewe, kama anaweza kusimama vile siku ambayo mtoni hakuna anayempenda. Akawasha gari. Kesho yake alimwambia Marcel atalirudia jaribio. Marcel alimwita mjinga kwa Kifaransa, akampangia siku.

Veikko alistaafu akiwa kitandani, bila sherehe, ila neno la mwisho juu ya Noreen likaachwa kwake. Mwisho wa Mei alirudishwa nyumbani, na kabla ya kiangazi kwisha dada yake alimchukua akamhamishia kwake katika mji wa Sault, kwa kuwa hakuweza tena kupasua kuni za sauna. Huko alifariki mwezi wa Septemba, usingizini. Noreen alikuwa zamu simu ilipopigwa. Kutoka siku ya jaribio la kurudia hadi siku hiyo hawakuwa wamezungumza tena. Alikuwa akikusudia kumpigia, na kila mara aliona hajui ataanzaje kuongea kwenye simu na mtu ambaye hata ana kwa ana alikuwa haongei.

Siku ile ya jaribio, mzee akiwa bado hajahamia kwa dada yake, ilikuwa ya mvua, mvua ile nyembamba ya baridi inayotoka ziwani na haina haraka. Gino alimleta mzee kwa gari lake la mikate, akaliegesha juu ya ukingo, akamfunika blanketi magotini. Meya akatupwa mtoni juu ya daraja. Hapakuwa na hofu safari hii, wala mayowe, wala mtu wa kulia juu yake. Palikuwa na mfuko wa mchanga ndani ya sare, ukazama kando ya mti. Noreen akanyoosha mkono. Marcel, kwa makusudi, hakutuma mashua. Alikunja mikono akangoja. Mvua ikaingia kwenye kola ya Noreen, ikateremka mgongoni. Gino akajiangusha majini kwa ustadi mkubwa, akaomba msaada kwa Kiitaliano, akamwita mama yake. Noreen hakugeuka. Bega likauma, kisha likaacha kuuma, likawa kama si lake. Nyuma yake gari la mikate lilikuwa limezimwa, na kioo chake, Gino alimwambia baadaye, kilikuwa kimeshushwa tangu mwanzo ingawa mvua ilimnyeshea mzee.

Mashua ilipotumwa hatimaye, ilimkuta Meya pale pale mkono ulipoelekea. Marcel akamwambia ashushe mkono. Noreen akapanda ukingo, buti zikiwa zimejaa tope, akasimama kando ya dirisha la gari. Veikko alikuwa amekonda. Mikono yake juu ya blanketi ilionekana mikubwa kuliko yeye. Alimtazama kitambo, toka kofia hadi buti, kama anavyotazama sakafu ambayo watu wengine hawaijali.

"Sasa nimeona," alisema. "Umefaulu. Nenda ukavae kitu kikavu."